Mbwa Anayekimbiza Kuku: Usimchoke Mapema



Una kuku wa biashara na mbwa wa ulinzi, ila mbwa ameshaonja utamu wa kuwakimbiza. Fimbo haisaidii. Atakuogopa wewe, ukigeuka tu anarudi kwa kuku. Kwake, kila kuku anayekimbia ni malipo. Kazi yako ni kuyakata malipo hayo na kumpa mengine.

1. Mfunge kamba kila anapokuwa karibu na kuku. Akikimbiza hata mara moja, mmerudi nyuma.
2. Anza mbali, hatua kama 20. Akimwona kuku kisha akakugeukia, mpe dagaa papo hapo.
3. Dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Akitulia siku kadhaa mfululizo, sogeeni kidogo. Akishindwa, rudini mlipotoka.
4. Nyumba nzima mtumie neno moja: "Acha!"

Hesabu wiki, pengine miezi. Pale SUA Morogoro, APOPO huchukua kama miezi 9 kumfundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, kwa ndizi na karanga, bila kipigo. Wewe unakata tamaa siku ya tatu?

Ila angalizo: mbwa mpole akibadilika ghafla, anang'ata ovyo na kutoka udenda, hapo hakuna subira. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kaa mbali, ita mtaalamu wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, awahi hospitali. Na chanjo ya mbwa ni kila mwaka.