Kuhara Damu Kusikopona: Mishipa ya Damu Isiyo ya Kawaida na Kuvimba kwa Utumbo Mpana

Mgonjwa anapofika hospitali ya Micheweni, Pemba, akieleza kuwa anahara damu, mhudumu wa afya hufikiria kwanza maambukizi. Fikra hiyo ni sahihi, kwani shigela, amiba na minyoo ndiyo visababishi vya kawaida. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyoanzishwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imechunguza minyoo na kichocho kisiwani kwa miaka mingi. Ikumbukwe kwamba kichocho cha Pemba ni kile cha kibofu, chenye kutia damu kwenye mkojo. Kichocho cha utumbo hupatikana zaidi Kanda ya Ziwa, hivyo mgonjwa aulizwe kama amewahi kuishi huko.

Lakini wapo wachache ambao vipimo vyao vya choo havioneshi vijidudu, na dawa haziwasaidii. Miongoni mwao, mara chache sana, chanzo huwa kwenye mishipa ya damu.

Namna ugonjwa unavyotokea

Kwa kawaida ateri huleta damu kwenye utumbo kwa msukumo mkubwa. Damu hiyo hupita katika kapilari, mishipa myembamba sana, ambako msukumo hupungua na seli hupata oksijeni. Kisha hurudi kupitia vena hadi kwenye ini.

Katika hitilafu hii, ateri huungana na vena moja kwa moja. Mtu huweza kuzaliwa nayo, au kuipata baada ya jeraha au upasuaji wa tumbo. Hapo hutokea madhara mawili. Kwanza, damu hupita njia ya mkato na ukuta wa utumbo hukosa oksijeni. Pili, vena hupokea msukumo zisioumbiwa kuubeba, zikajaa kupita kiasi. Ukuta wa utumbo huvimba, huwa mwekundu na hupata vidonda. Sehemu inayoweza kuathirika ni upande wa kushoto wa utumbo mpana, unaolishwa na ateri ya chini ya utumbo.

Kwa nini hukosewa

Kamera ya utumbo huonesha wekundu, vidonda na damu, mambo yanayofanana na ugonjwa sugu wa vidonda vya utumbo mpana unaotokana na kinga ya mwili. Mgonjwa huweza kuanzishiwa prednisoloni, na asipopona kipimo huongezwa. Kosa hili lina gharama. Steroidi haziwezi kuziba njia ya mkato ya damu. Zaidi ya hayo, mgonjwa mwenye minyoo ya strongiloidi akipewa steroidi, minyoo hiyo huweza kuenea mwilini na kumuua. Kwa hiyo, minyoo ichunguzwe au itibiwe kabla ya kuanza dawa hizo.

Dalili za kumfikirisha mhudumu

Tuchukue mfano wa mvuvi wa makamo. Amehara damu kwa wiki kadhaa, tumbo linamuuma upande wa kushoto, amekonda, na amemaliza dozi mbili za antibiotiki bila nafuu. Mhudumu afanye jambo lisilohitaji fedha: aweke stetoskopu juu ya tumbo na kusikiliza kwa utulivu. Mvumo unaoendana na mapigo ya moyo, au kitu kinachodunda chini ya mkono, ni ishara muhimu. Kutosikika kwa mvumo, hata hivyo, hakuondoi uwezekano wa ugonjwa. Tumbo kujaa maji bila ugonjwa wa ini unaojulikana nako kutiliwe maanani.

Altrasaundi yenye uwezo wa kupima mwendo wa damu huweza kutoa fununu. Kipimo kinachobainisha zaidi ni CT ya mishipa, inayofanywa kwa kuchoma dawa ya kung'arisha damu. Vena ikijaa dawa hiyo mapema, pamoja na ateri, njia ya mkato imejidhihirisha.

Matibabu

Njia ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya ateri na kuziba mahali palipoungana. Mafunzo ya uzamili ya fani hii yalianza Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2019, hivyo ujuzi huo umo nchini. Njia ya pili ni upasuaji wa kuondoa sehemu iliyoharibika, hasa utumbo unapokuwa umeanza kufa. Kuziba nako kuna hatari ya kuunyima utumbo damu; mgonjwa lazima afuatiliwe kwa karibu.

Mambo ya kuzingatia

Mgonjwa anayehara damu kwa zaidi ya wiki mbili asibadilishe dawa za dukani. Arudi hospitali, na aepuke diklofenaki, ambayo huweza kuzidisha vidonda. Maumivu makali, tumbo kuwa gumu, kizunguzungu au damu nyingi ni dharura, isiyosubiri asubuhi wala boti ya kesho: afikishwe mara moja kwenye hospitali yenye upasuaji iliyo karibu.

Mhudumu naye, anapoandika rufaa, aorodheshe vipimo vilivyofanyika, dawa zilizotolewa na alichosikia tumboni. Mstari mmoja usemao "mvumo umesikika" unaweza kumwepusha mgonjwa na miezi ya dawa zisizomfaa.