Ujira wa mchimba mtaro

Likizo iliyopita nilichimba mtaro wa mabomba ya maji hapa Uganda. Tuliahidiwa malipo kwa mita; hatukuambiwa kina wala siku ya kulipwa. Tulipokuta mwamba, mita 3 zikawa kazi ya siku nzima, na fedha tukazipata baada ya wiki 6.

Darsani tunasoma kuwa katika ijara, kazi na ujira sharti vijulikane kabla ya kuanza. Suratul Qasas, aya ya 27, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (a.s.) alitaja miaka 8, ya 10 ikawa hiari, akasema hataki kumtaabisha. Mtume (s.a.w.) naye katufundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu amedhulumu, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 pia inamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi.

Basi kabla ya kushika sururu, tuulize: Kina gani? Mita shilingi ngapi? Mwamba utalipwaje? Mtaro ukituporomokea, nani atatutibu? Mimi niliona haya kuuliza. Haya ni katika imani, lakini kuinyamazia haki si haya.

Wabillahi tawfiq.