Laptopu ya Mtoto: Ijaribu Kwanza, Kisha Ulipe

Mzazi, mtoto anaomba laptopu ya masomo na mpya imekushinda bei? Usife moyo. Katikati ya jiji la Nakuru kuna maduka yanayouza zilizotumika ng'ambo. Nyingi bado ni nzuri. Lakini pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha si rahisi. Kwa hivyo, kabla ya kulipa:

1. Iwashe mwenyewe. Chomoa chaja, uitumie nusu saa. Betri ikishuka mbio, omba upunguziwe au utafute nyingine. Jaribu kila herufi ya kibodi, kamera, spika na waifai.

2. Uliza iliyo nayo ndani. Kwa kazi za shule, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 zinatosha.

3. Uliza kuhusu Windows. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Chagua mashine inayokubali Windows 11.

Sasa lipa, kwa till ya duka. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Je, ni la duka hilo? Ukiambiwa, "Tuma tu kwa namba yangu," kataa. Na kama uko Molo au Naivasha na muuzaji wa mtandaoni anataka diposti kabla hujaiona, mwache. Afadhali ulipe nauli ya matatu uende ujionee.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti. Meseji ya malipo usiifute.