Uvimbe kwenye Ovari: Upasuaji wa Matundu Madogo na Maswali ya Kumuuliza Daktari

Mwanamke anapotoka kwenye chumba cha skani na karatasi inayosema ana uvimbe kwenye ovari, mambo mawili humjia akilini haraka: saratani na kisu. Mara nyingi hofu zote mbili hazina msingi. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, na mwingi huisha wenyewe. Hata hivyo, upo unaohitaji kutolewa, na mara chache upo usioweza kungoja hata kupambazuke. Somo hili linaeleza tofauti za hali hizo, jinsi upasuaji wa matundu madogo unavyofanywa, na maswali ambayo mkazi wa Makadara anafaa kuwa nayo anapoingia kwa daktari.

Ovari na uvimbe wake

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Kila moja ina urefu wa takriban sentimita 3. Katika umri wa kuzaa, yai hukomaa kila mwezi ndani ya kifuko kidogo chenye majimaji, kisha kifuko hupasuka na yai kutoka. Wakati mwingine kifuko hakipasuki, au hupasuka kisha kikajifunga na kujaa tena. Huo ndio uvimbe wa kawaida zaidi, ambao wahudumu wa afya huuita sisti. Aghalabu huisha baada ya mizunguko michache ya hedhi.

Zipo aina ambazo haziondoki zenyewe. Dermoidi hutokana na chembe za uzazi zenye uwezo wa kugeuka kuwa sehemu mbalimbali za mwili, na ndiyo maana ndani yake hukutwa mafuta, nywele, na hata meno. Wapo wanaodhani huo ni mkono wa mtu, lakini ni jambo ambalo madaktari hulikuta mara kwa mara na wanalielewa. Endometrioma nayo hutokea pale tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba inapoota kwenye ovari na kuvuja damu kila mwezi. Damu hiyo hukaa humo ikawa nzito, yenye rangi ya hudhurungi. Mara nyingi mwenye hali hii amevumilia maumivu makali ya hedhi kwa miaka mingi huku akiambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo.

Lini kungoja, lini kupasuliwa

Daktari huangalia mambo manne: ukubwa wa uvimbe, kilichomo ndani yake, umri wa mgonjwa na dalili alizo nazo. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wa maji matupu usiozidi sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji upasuaji. Wa kati ya sentimita 5 na 7 hufuatiliwa kwa skani. Unaozidi sentimita 7, wenye sehemu ngumu ndani, unaoendelea kukua, au unaoleta maumivu, humfanya daktari afikirie vipimo zaidi au upasuaji. Kwa aliyekoma hedhi uangalifu huwa mkubwa zaidi, kwa sababu hatari ya saratani huongezeka kadiri umri unavyosonga.

Daktari anaweza pia kuagiza kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Kiwango chake kinaweza kupanda kwa sababu nyingine, ikiwemo endometriosisi, maambukizi, au hata hedhi yenyewe. Matokeo hayo pekee hayathibitishi saratani.

Maumivu yasiyongoja

Ovari yenye uvimbe inaweza kujisokota kwenye shina lake, kama mdomo wa mfuko unavyosokotwa ili ufungwe. Damu ikikatika, ovari huanza kufa. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, mara nyingi pamoja na kichefuchefu na kutapika. Maumivu ya ghafla yanaweza pia kutokana na uvimbe uliopasuka na kuvuja damu, au mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, hasa mwanamke akihisi kizunguzungu au kuzimia.

Katika hali hizi, dawa ya maumivu ya kununua dukani humpotezea mgonjwa muda. Anafaa kupelekwa moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama ni usiku. Ovari iliyojisokota inaweza kuokolewa ikiwahiwa.

Matundu madogo hufanyaje kazi

Upasuaji wa matundu madogo, au laparoskopi, si jambo la majaribio. Daktari wa Uswidi, Hans Christian Jacobaeus, aliandika kuhusu kutazama ndani ya tumbo la binadamu kwa njia hii mwaka wa 1910.

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Daktari hutoboa tundu karibu na kitovu na kujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kuona. Kamera nyembamba huingizwa hapo, na picha huonekana kwenye skrini. Vifaa vya kukatia na kushikia hupitia matundu mengine mawili au matatu, kila moja likiwa na upana wa takriban nusu sentimita hadi sentimita moja. Uvimbe hutenganishwa na ovari, hutiwa ndani ya kifuko maalumu, na kutolewa kupitia tundu mojawapo.

Katika upasuaji wa kawaida, tumbo hufunguliwa kwa mkato mrefu zaidi. Tofauti huonekana baadaye. Baada ya matundu madogo, wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo au siku inayofuata, na hurejea kwenye shughuli nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Baada ya tumbo kufunguliwa, kupona huchukua takriban wiki 6. Kwa mama anayeuza mboga kando ya Barabara ya Jogoo, au anayelipwa kwa siku katika kiwanda cha Viwandani, wiki hizo nne za tofauti ni kodi ya nyumba na karo. Asishtuke akiumwa bega siku chache za kwanza. Husababishwa na gesi iliyobaki, nayo huisha.

Kuna nyakati ambapo kufungua tumbo ndiyo njia bora: saratani inaposhukiwa, ili uvimbe usipasukie ndani, uvimbe unapokuwa mkubwa mno, au matumbo yaliposhikana kutokana na upasuaji wa awali. Daktari anaweza pia kuanza na matundu madogo kisha akalazimika kufungua tumbo kwa usalama wa mgonjwa. Jambo hili huelezwa kabla ya mgonjwa kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Pa kuanzia

Mkazi anaweza kuanza katika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Makadara, Jericho au Lunga Lunga, na kupewa rufaa inapohitajika, kwa mfano katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Si kila hospitali yenye chumba cha upasuaji ina vifaa vya laparoskopi, kwa hivyo ni vyema kuuliza mapema. Usajili wa SHA hufanywa kwa kupiga *147#, na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kusaidia. Huduma ya upasuaji hutegemea michango iliyolipwa, hivyo mgonjwa asingoje hadi siku ya kulazwa ndipo aulize kinacholipwa na kile atakachojazia mwenyewe.

Maswali ya kwenda nayo

1. Uvimbe huu ni wa aina gani, na una sentimita ngapi?
2. Je, unaweza kufuatiliwa kwa skani kwanza? Nirudi lini?
3. Upasuaji ukihitajika, utafanywa kwa matundu madogo au kwa kufungua tumbo, na kwa nini?
4. Utatolewa uvimbe pekee, au ovari nzima?
5. Je, unaweza kurudi?

Swali la nne lina uzito kwa anayetaka kuzaa. Mara nyingi uvimbe hutolewa na ovari ikabaki. Hata ikilazimu ovari moja kuondolewa, iliyobaki ikiwa nzima mwanamke anaweza kushika mimba.

Baada ya kwenda nyumbani, homa, usaha kwenye kidonda, tumbo kuvimba au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja. Na hata akijihisi mzima, arudi kuchukua majibu ya maabara. Uvimbe uliotolewa hupelekwa kupimwa, na karatasi hiyo ndiyo inayothibitisha ulikuwa wa aina gani.