Maji ya bomba kwenye rejeta

Swali: Fundi wangu anasema maji ya bomba yanatosha kwenye rejeta, kwani Nairobi hakuna barafu. Ni kweli?

Jibu: Hapana. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Kwa mwinuko wa Nairobi, maji huchemka karibu nyuzi 94, na injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa chumvichumvi hupandisha kiwango hicho cha kuchemka kwa nyuzi kama 7. Mfuniko wa rejeta usio na hitilafu, kwa kubana presha, hukiongezea nyuzi 20 hivi. Lakini ninachokiogopa zaidi ni kutu: maji ya bomba huziba rejeta kwa magaga na kula silinda hedi ya alumini. Na tafadhali, usifungue mfuniko injini ikiwa moto.