"With Regard To" na Jamaa Zake

Wenzangu wanafunzi, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kututangulia, nataka tutazame maneno madogo ambayo karibu kila barua rasmi ya Kiingereza huanza nayo, yale yenye maana ya "kwa habari ya" au "kuhusu". Wengi wetu hujifunza maneno makubwa kwa bidii, kisha barua huharibika katika mstari wa kwanza. Na mstari huo si pambo. Mtu aombaye kazi, au aulizaye cheti chake cha mtihani, humwandikia karani asiyemjua. Karani husoma mstari wa kwanza apate kujua ni faili gani ya kutafuta. Asipoambiwa sawasawa, barua hulala mezani pake.

Tuanze na "regard", maana ndilo linalosumbua zaidi. Katika "with regard to" na "in regard to" neno hili ni jina, tena la umoja, kwa hiyo halina "s". Ukilitia "s" likawa "regards", maana yake hugeuka kuwa salamu, kama tusemavyo "Give my regards to your father", yaani nisalimie baba yako. Basi aandikaye "with regards to the school fees" ni kama anayeisalimu ada ya shule! Kosa hili limeenea mno, hata kwa Waingereza wenyewe, lakini kuenea kwake hakulifanyi kuwa sahihi katika barua ya ofisi.

Lakini katika "as regards" ile "s" haina budi kuwapo. Kwa nini? Kwa sababu hapa "regards" si jina, ni kitenzi, na "s" yake ndiyo ile ya "he walks" na "she reads". Hubaki hivyo hata kama kinachofuata ni wingi: "as regards the books". Tena haifuatwi na "to". Sisi husema "jambo hili lahusu vitabu", hatusemi "lahusu kwa vitabu". Kitenzi hugusa kitu chake moja kwa moja. "Regarding" na "concerning" ni vivyo hivyo: "regarding the books", bila "to". Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize kama neno ulilonalo ni jina au kitenzi. "Regard" likiwa jina lahitaji "to" na halitaki "s". Likiwa kitenzi halitaki "to".

"Refer" lina desturi yake. Hilo hutaka "to" wakati wote, likiwa kitenzi, "I refer to your letter", na hata likigeuka jina, "with reference to your letter". Kwa hiyo "in reference with" si Kiingereza. "In respect of" hupendwa sana na ofisi za fedha, kwa mfano "50,000 shillings in respect of examination fees", maana yake fedha hizo ni za ada ya mtihani. Na tukiwa hapa, niseme pia kwamba "discuss" na "mention" hazifuatwi na "about". Sisi huongeza "about" kwa sababu masikioni mwetu mna "kuzungumza juu ya jambo".

Sasa tufike penye mtego mkubwa zaidi. Tazama sentensi hii: "Referring to your letter of 3rd March, the form has been filled in." Maneno yote ni mazuri, na "refer" limepewa "to" yake. Lakini ni nani anayerejea barua? Kwa sarufi ya Kiingereza, neno la "-ing" likikaa mwanzoni mwa sentensi hutafuta mwenyewe, na mwenyewe ni yule atajwaye mara baada ya koma. Hapa atajwaye ni "the form". Basi fomu ndiyo iliyoirejea barua!

Twaanguka hapa kwa urahisi kwa sababu lugha yetu hutulinda. Tukisema "Nikirejea barua yako ya tarehe 3 Machi, fomu imekwisha jazwa", ile "ni-" imemshika mwenye tendo, hata atajwe nani baadaye hakuna atakayepotea. "Referring" haina "ni-" wala "a-" wala "wa-". Iko uchi, na humvaa yeyote aliye karibu. Tiba yake ni kumweka mwenyewe mahali pake: "Referring to your letter of 3rd March, I have filled in the form." Mimi napenda zaidi kuikata mara mbili: "Thank you for your letter of 3rd March. I have filled in the form." Hapo hakuna mtego hata mmoja.

Mtu atauliza, mbona "Regarding the form, nothing has been heard" yakubaliwa, na hapo hakuna mwenye tendo? Ni kwa sababu "regarding", "concerning" na "considering" zimetumika hivyo siku nyingi mpaka zimeacha kazi ya kitenzi. Nasi tunalo neno la namna hiyo. "Kuhusu" asili yake ni "ku-husu", lakini hakuna aulizaye ni nani ahusuye. "Referring" haijafika huko.

Yako maneno mengine yarejeayo yaliyokwisha kusemwa, kama "the above", "the same", "the former" na "the latter". Hayo yaweza kumtia mtu hasarani ingawa sarufi yake ni safi. Chukua mwombaji aliyeletewa barua mbili, moja ya kumwambia alipe ada, nyingine ya kumwambia alete cheti cha kuzaliwa. Naye hujibu: "I refer to your letters of 4th and 11th May. I have done the above." Amefanya lipi? Karani hana la kufanya ila kumwandikia tena kumwuliza, na siku ya mwisho ya kupokea maombi haimngojei. Aseme wazi, "I have paid the fee, and I enclose my birth certificate."

"According to me" nayo tuiache. "According to" hutaja ushahidi wa mwingine, kama kitabu, gazeti au mwalimu. Mawazo yako mwenyewe ni "in my opinion". Na ukiwa umetii sheria fulani, andika "in accordance with Rule 6".

Wako wanaodhani kwamba maneno yakiwa marefu ndipo mwandikiwa huheshimiwa. Sir Ernest Gowers, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa serikali ya Uingereza, aliombwa na Hazina ya huko aandike kitabu cha kuwafundisha maofisa kuandika kwa maneno mepesi, nacho, Plain Words, kilitoka mwaka 1948. Mara nyingi "about" moja yatosha: "I am writing about my examination fees."

Limebaki "Re" la kichwa cha barua. Wengi hudhani ni kifupisho cha "reference" au "regarding", kumbe ni neno zima la Kilatini, latoka katika "res", yaani jambo. Mahali pake ni kichwani. Usiandike "I am writing re my fees". Na mwenye barua za zamani za babu yake akikuta humo "ult.", ajue ni mwezi uliopita, "inst." ni mwezi huu, na "prox." ni mwezi ujao. Siku hizi jina la mwezi huandikwa lote.