Mgeni Kampala: Ukiibiwa Usikae Kimya

Kila wiki wasomaji wetu wa Busia, Malaba na Mutukula, wa pande zote mbili za mpaka, hupanda mabasi kwenda Kampala. Mmoja huenda kununua nguo Owino, mwingine kumjulia hali mgonjwa aliyelazwa Mulago, mwingine kutazama Makaburi ya Kasubi na msikiti mkubwa wa Old Kampala. Wengi huenda na kurudi salama. Somo hili ni la siku ile moja ambayo mambo huharibika.

Tuanze na stendi. Pale Old Taxi Park watu hubanana kiasi kwamba mkono wa mwizi hauonekani. Mkoba uvaliwe kifuani, na hesabu ya fedha ifanywe kabla ya kushuka garini. Mgeni ajue pia kwamba "teksi" ya Kampala ni basi dogo la abiria wengi. Gari la peke yako ni la kukodi, na nauli yake, kama ya bodaboda, hupatanwa kabla ya safari. Kuna na hila ya bahasha: mtu aliye mbele yako anaidondosha, mwenzake anaiokota na kukuvuta kichochoroni mgawane. Mara mwenyewe anarudi akidai mpekuliwe, na fedha zinazoondoka ni zako.

Hayo wengi wameyasikia. Linalotusumbua zaidi sisi polisi ni ukimya wa aliyeibiwa. Mgeni aliyepita njia ya panya huogopa kuingia kituoni, akidhani atakamatwa yeye badala ya mwizi. Matapeli wanalijua hilo vyema. Wakisikia lafudhi ya ng'ambo hujifanya askari kanzu na kuuliza karatasi, kisha hutoza "faini" papo hapo. Askari wa kweli hakatazi kuombwa kitambulisho chake, wala hapokei faini barabarani mkononi mwake.

Kwa hiyo hati ya kusafiria hulinda kuliko kufuli. Raia wa Kenya na Rwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, na raia wa nchi hizo, kama ndugu zao wa Tanzania, hawatozwi ada ya viza. Foleni ya uhamiaji inachosha, hatukatai. Hata hivyo, aliyevuka bila hati naye ashitaki. Hatusemi kosa lake limefutika. Tunasema kwamba aliyeporwa au kubakwa anastahili kusikilizwa, na anayehitaji matibabu asingoje.

Piga 999 au 112, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Kiswahili kimetumika ndani ya polisi ya Uganda tangu zamani. Askari wa kaunta akishindwa, omba aitwe mwenzake. Eleza mahali, saa, sura na mavazi, na namba ya gari au pikipiki kama uliiona. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya kitabu cha matukio, ambayo pale kaunta huitwa namba ya SD. Pasipoti ikiwa imepotea, ubalozi wako utataka taarifa ya polisi kabla ya kukupa hati ya dharura. Laini ya simu nayo ifungwe mapema, kwa maana mwizi huikimbilia akiba iliyo ndani yake.

Kuandikisha malalamiko ni bure. Dhamana ya polisi ni bure vilevile. Wapo wenzetu wanaoichafua sare kwa kudai "fedha ya karatasi". Soma jina lake kifuani, umwone mkuu wa kituo.

Ikitokea mgeni amekamatwa yeye, Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamhusu pia: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe wakili amtakaye, ndugu zake wajulishwe akiomba, na kama hajaachiliwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Anaweza pia kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe.

Kabla ya kupanda basi, andika namba za ndugu wawili kwenye karatasi na kuishona ndani ya nguo. Simu ndiyo huibiwa kwanza, na ni wachache siku hizi wanaokumbuka namba ya mtu yeyote kwa kichwa.